Somo: Mtuhumiwa Bado Si Mwenye Hatia

Miaka kadhaa iliyopita mbuzi alipotea kijijini kwetu. Kijana mmoja, ambaye tulimfundisha akiwa darasa la nne, alikuwa ameonekana akipita karibu na zizi. Watu wakapiga kelele za mwizi, wakamkamata, wakampiga hata akavunjika mguu. Nasi tulikuwapo, tukanyamaza. Jioni mbuzi alirudi mwenyewe. Kijana yule anachechemea hadi leo. Kwa hiyo yafaa tujifunze misingi ya sheria ya jinai, ili tusinyamaze tena.

1. Jinai ni nini?

Kosa la jinai ni tendo ambalo sheria ya nchi imelikataza na kuliwekea adhabu. Hapa Tanzania makosa mengi ya namna hii yameandikwa katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Jinai huhesabiwa kuwa kosa juu ya jamii nzima, ndiyo maana mshtaki ni Jamhuri. Kesi ya madai ni nyingine: humo mtu humdai mwenzake haki yake. Kushindwa kulipa deni, kwa mfano, peke yake si jinai.

Aghalabu sheria hutazama mambo mawili: tendo na nia. Mtu akitoka kanisani akaondoka na baiskeli ya jirani akidhani ni yake, amekosea, lakini hakuiba. Na mtoto aliye chini ya umri wa miaka 10 hawezi kutiwa hatiani kwa jinai.

2. Nani hukamata?

Kukamata ni kazi ya polisi. Raia naye aweza kumkamata mtu anayetenda kosa zito mbele ya macho yake, lakini hana budi kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Ruhusa hiyo ni ya kukamata, si ya kupiga. Wanaompiga mtuhumiwa wanatenda jinai wao wenyewe, na akifa, kila aliyeshiriki aweza kushtakiwa kwa mauaji.

Aliyekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu. Akihojiwa, halazimiki kujibu zaidi ya jina lake na mahali anapokaa. Kwa kosa lisilo zito, ikiwa hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, polisi humwachia kwa dhamana. Dhamana hiyo hailipiwi fedha. Mwenye kudai malipo yake anavunja sheria.

3. Nani huhukumu?

Polisi hupeleleza. Waendesha mashtaka, walio chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, hushtaki. Hakimu au jaji husikiliza pande zote mbili na kuhukumu. Kazi hizi zimetengwa makusudi, ili aliyekasirika asiwe ndiye mwamuzi. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, yakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye kosa kabla ya kuthibitika. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mshtaki, naye athibitishe pasipo kuacha shaka. Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo aweza kukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Basi tusiogope kwenda kutoa ushahidi wa yale tuliyoyaona kwa macho yetu.

Siku ile ya mbuzi, polisi, mshtaki na hakimu walikuwa watu walewale, wenye fimbo mkononi. Hakuna aliyeuliza: nani alimwona akichukua? Swali hilo moja lingaliuokoa mguu wa kijana. Sisi waalimu wake tulikuwa wa kwanza kupaswa kuliuliza.

Maswali ya kujadiliana

1. Jinai na madai hutofautianaje?
2. Ukisikia kelele za mwizi usiku wa leo, utafanya nini kwanza?
3. Kwa nini anayekamata asiwe ndiye anayehukumu?