Raba Ikizunguka Mkononi, Usipakie Mtu

Wadogo zangu wa Ankoro, na nyinyi mnaonisoma Manono, Kabalo na Kalemie, leo yaya yenu anaongea na wanaoshika usukani wa pikipiki, pamoja na wanaokaa nyuma yao. Swali mnaloniletea ni lilelile, ila kila mmoja analileta kwa namna yake: raba ya usukani imelegea, nikivuta mafuta inazunguka peke yake, nifanyeje? Mwingine anasema ameshaizungushia kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, sasa haimsumbui tena. Huyo ndiye anayenitia hofu kuliko wote.

Niseme lililo zito kwanza, mengine yafuate. Raba ikizunguka mkononi, usipakie mtu mpaka uibadilishe. Kazi yenyewe si kubwa. Unaifanya nyumbani jioni, na asubuhi unatoka. Lakini ina masharti yake, na ukiyaruka utakuwa umejitengenezea hatari mpya kwa mikono yako mwenyewe.

Fikiria kazi inayofanywa na raba ya kulia. Ndiyo inayopeleka amri ya kiganja chako mpaka kwenye injini. Ikilegea, unavuta mafuta na pikipiki haijibu. Unakaza mkono zaidi, mara raba inanasa na pikipiki inaruka mbele bila kukuuliza. Kwenye barabara yetu ya udongo, yenye mchanga wakati wa kiangazi na utelezi tangu mvua zianze mwezi wa kumi, mruko huo mmoja unatosha kumwangusha mama mwenye mtoto mgongoni. Raba ya kushoto nayo isidharauliwe. Ukiingia shimoni, au ukikanyaga breki ghafla, uzito wote wa mwili unaegemea mikono. Raba ikichomoka hapo, huna pa kushika.

Sisi tunaoishi pale mto Luvua unapokutana na mto Lualaba tuna sababu moja zaidi. Pikipiki zetu hupanda mitumbwi. Wakati wa kuiinua kuiingiza mtumbwini, mmoja anashika nyuma na mwingine anashika usukani. Raba ikibaki mkononi mwake na pikipiki ikaelekea majini, hasara utakayoihesabu si ya raba tena.

Kabla ya kununua mpya, jua kilichoua ile ya zamani. Jua linaikausha mpaka inapasuka. Jasho na petroli vinaila polepole. Na wengi wenu mnabeba mabidoni ya mawese: mnafunga mzigo, kiganja kinapata mafuta, kisha kinarudi palepale kwenye usukani. Mafuta hulainisha raba, huivimbisha na kuifanya iteleze. Weka kitambaa kikavu chini ya kiti, ujifute mikono kila unapomaliza kufunga mzigo. Ukianza na hilo tu, raba mpya itakaa muda mrefu kuliko hiyo unayoitoa.

Sasa twende sokoni. Raba mbili za usukani hazilingani, na hapa ndipo wengi hupotea. Upande wa kushoto raba inavaa juu ya chuma chenyewe, ambacho kwa pikipiki nyingi kina upana wa milimita 22. Upande wa kulia inavaa juu ya kibomba cha plastiki kinachozunguka ukivuta mafuta, kwa hiyo tundu lake ni kubwa zaidi, karibu milimita 25. Ukiuziwa mbili za kulia, moja itacheza upande wa kushoto tangu siku ya kwanza, hata ungemwaga gundi ya duka zima. Nenda na raba yako ya zamani, pima tundu kwa tundu mbele ya muuzaji, kisha ndiyo utoe pesa.

Nyumbani, simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, mahali penye kivuli na mwanga wa kutosha. Kama usukani wako una vyuma vizito mwishoni, fungua skrubu zake kwanza na uziweke ndani ya kikombe zisipotee. Ikiwa raba ya zamani imekufa kabisa, ichane kwa kisu kutoka upande wa ndani kwenda nje, huku makali yakielekea mbali nawe. Kushoto kata bila wasiwasi, chini yake ni chuma. Kulia kata juujuu tu, kisha malizia kwa kuvuta na vidole, maana chini yake ni kile kibomba cha plastiki. Ukikichana, utanunua na hicho.

Ikiwa raba bado ni nzima na unataka kuitumia tena, usiichane. Chukua spoku ya baiskeli isiyo na ncha kali, au bisibisi nyembamba, uipitishe taratibu kati ya raba na bomba. Dondosha maji ya sabuni kwenye nafasi hiyo, zungusha spoku mpaka maji yafike pande zote, kisha pindua raba kulia na kushoto huku ukiivuta. Itatoka. Kama jirani yako ni kwado, fundi wa kuziba magurudumu, mwenye pampu ya upepo, mwombe apulize ndani ya mdomo wa raba. Upepo unaitanua, nayo inateleza yenyewe kama soksi.

Baada ya kutoa, usiwe na haraka ya kuvalisha mpya. Angalia chuma cha kushoto. Mara nyingi utakuta kutu, tope lililokauka na mabaki ya gundi ya zamani. Sugua kwa msasa mpaka chuma kiwe laini, kioshe kwa maji na sabuni, kikaushe, halafu kifute kwa kitambaa chenye alkoli kidogo ya duka la dawa. Kibomba cha plastiki nacho kifute vilevile. Kizungushe kwa mkono: kama kina mchanga ndani na kinakwaruza, huu ndio wakati wa kukitoa na kukisafisha. Usijiambie utakifanya wiki ijayo.

Kuvalisha ndiko kwenye mtihani. Raba mpya inabana, na mkono unatafuta kitu cha kuilainisha. Wako wanaopaka mawese, wako wanaopaka grisi, wako wanaopaka mafuta ya injini. Nawaomba sana, acheni. Raba itaingia kwa raha, lakini mafuta hayakauki; yatabaki humo, na kesho itazunguka vibaya kuliko ile uliyoitupa. Tumia kitu kinachoingia kikilainisha na kuondoka chenyewe. Alkoli ndiyo bora: lowanisha ndani ya raba, sukuma haraka kwa mkupuo mmoja huku ukipindua, nayo itapotea hewani. Fanya hivyo mbali na jiko na sigara, kwa sababu inashika moto upesi. Ukikosa alkoli, maji yenye sabuni kidogo sana yanatosha, ila yanahitaji kuachwa usiku mzima yakauke, na wakati wa mvua hata zaidi.

Ukitaka kutumia gundi, ile ya mafundi viatu inafaa. Upande wa kushoto paka safu nyembamba ndani ya raba na juu ya chuma, kisha sukuma kabla haijashika. Upande wa kulia paka kidogo mno, na juu ya plastiki tu. Gundi ikiingia kati ya kibomba na chuma, umegandisha mafuta ya pikipiki yako. Usipokuwa na uhakika wa mkono wako, kulia acha gundi, tegemea raba inayobana.

Kuna wanaofunga waya mwembamba juu ya raba. Ni njia nzuri, hata waendeshaji wa mashindano ya njia za matope huitumia. Ila waya uingie kwenye mifereji ya raba, na ncha zake zielekee chini, zikunjwe na kuzikwa ndani ya raba. Ncha iliyoachwa juu itachana kiganja chako siku utakapohitaji kushika kwa nguvu.

Sasa nimrudie mdogo wangu wa kipande cha mpira wa ndani. Kipande hicho kinasogea. Kikisogea upande wa kulia, kinaweza kukunjika na kuingia kwenye mdomo wa kisanduku cha swichi, pale kibomba kinapozungukia. Unaachia mafuta, nayo hayarudi. Pikipiki inaendelea kukimbia wakati wewe umeshaamua kusimama. Kitoe leo hii.

Kwa sababu hiyohiyo, hata raba mpya isisukumwe mpaka iguse kisanduku hicho. Acha mwanya mwembamba kama unene wa sarafu. Angalia pia mwisho wa nje, raba isisuguane na chuma kizito cha mwishoni.

Usiku ukipita, fanya majaribio haya kabla ya kutoka. Kamata kila raba, ipindue kwa nguvu zote: isisogee. Injini ikiwa imezimwa, vuta mafuta mpaka mwisho kisha achia: yarudi yenyewe kwa mlio wa kugonga, bila kusaidiwa. Halafu washa injini, gia ikiwa huru, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Mngurumo usipande. Ukipanda, waya wa mafuta umebanwa au umevutika ulipokuwa ukifanya kazi. Uupange upya kwanza. Mwisho zunguka kwenye kiwanja peke yako, bila abiria, bila mzigo.

Najua kuna jambo jingine linalowakwaza, nalo ni pesa. Wengi wenu pikipiki si zenu, kila siku mnapeleka versema, yaani pesa ya siku, kwa mwenye mali. Mnaona raba ni mzigo wake, yeye anaona ni wenu, na siku zinapita. Mwendee kwa heshima, mpelekee raba iliyopasuka mkononi mwake aione, mwambie gharama yake na gharama ya pikipiki iliyoanguka. Mkubaliane mapema vitu vidogo ni vya nani: raba, balbu, waya. Akikataa, nunua mwenyewe. Mikono itakayoteleza ni yako.

Nanyi wasichana mnaoniuliza kama kazi hii ni ya wanaume, nimewatajia vifaa: kisu, spoku, sabuni, kitambaa. Hakuna hata kimoja ambacho hamjakishika. Jifunzeni, hata kama pikipiki ni ya kaka.

Na nyinyi mama zangu na wadogo zangu mnaokaa nyuma, mna haki ya kutazama kabla ya kupanda. Ukimpeleka mgonjwa hospitali usiku, motari, yaani dereva wa pikipiki, akija, tupia jicho raba za usukani wake. Ukiona mpira umezungushwa kulia, mwulize kwa upole, kisha mwite mwingine. Hujamdharau. Umemkumbusha kwamba ana watu.

Wewe motari, usingoje abiria akuulize. Kesho asubuhi, kabla ya safari ya kwanza, kamata raba zote mbili na uzipindue. Zikisogea, siku hiyo ni ya kazi ya nyumbani.

Yaya yenu anayewapenda.