SOMO: MWAMBA WENYE MATUNDU MENGI LAKINI HAUTOI MAJI

Kabla hamjachanga pesa za kisima, jueni kwanza jiwe lililo chini yenu.

Chukueni mikebe miwili, mtoboe chini. Mmoja tieni mchanga, wa pili udongo wa mfinyanzi mlioushindilia. Mimineni maji. Mkebe wa mchanga utavuja papo hapo; kwenye udongo maji yatasimama juu. Mtu atasema udongo hauna nafasi ndani. Sivyo! Nafasi zimo, pengine kuushinda mchanga, ila ni ndogo mno na maji hunasa humo.

Sasa, udongo wa namna hiyo ukigandamizwa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka huwa jiwe linalobanduka vipande bapa. Wataalamu huliita sheli. Matundu yake hupimwa kwa nanomita, na milimita moja ina nanomita 1,000,000. Unywele una upana wa karibu nanomita 80,000; matundu mengi ya sheli hayafiki 1,000, na mengine hata 10 hayafiki. Hadubini ya shuleni haiwezi kuyaona. Kwa hiyo wataalamu husukuma zebaki ndani ya jiwe: tundu likiwa dogo, nguvu huhitajika zaidi, na kwa nguvu hiyo hukadiria upana wake. Au hulilainisha kwa miale ya ioni na kulitazama kwa hadubini ya elektroni, kama walivyofanya kwa sheli ya Barnett kule Texas, Marekani, katika utafiti uliotolewa mwaka 2009. Huko wanatafuta gesi, nayo haitoki vizuri mpaka mwamba upasuliwe kwa maji ya presha.

Sisi tunatafuta maji. Pale Maji ya Chumvi, barabara ya Mombasa, sheli ni nyingi, na jina lenyewe lawaambia habari ya maji yake. Maji yasiposonga, chumvi haioshwi. Sheli yenye nyufa yaweza kutoa maji, lakini ufa hauonekani kwa macho ukiwa juu.

Basi mwiteni mtaalamu wa maji ya ardhini apime. Ripoti yake huhitajika pia mnapoomba kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Na maji yakipatikana, yapimwe chumvi kabla ya kununua pampu, si baada.

Zungumzeni: visima vya jirani vilifika jiwe gani, na maji yake yana ladha gani?