Kusafiri na Ndege Nyuki Kwenda Mbugani: Mambo ya Kuyajua Kabla ya Kufunga Begi

Somo hili linamhusu msafiri ambaye ndani ya begi lake, kati ya nguo na zawadi za ndugu, ameweka ndege nyuki. Huenda ni Mtanzania aishiye Muscat au London anayerejea Dodoma kwa likizo, akikusudia kumpeleka mama yake kuiona Tarangire. Huenda pia ni mkazi wa Nzuguni aliyenunua chombo hicho dukani, akadhani kwamba kwa kuwa kiliuzwa hadharani basi kurushwa kwake hakuna masharti. Wote wawili wamo katika hatari moja: kupoteza mali ya thamani kubwa, kuharibu safari iliyogharimu akiba ya mwaka mzima, na pengine kujikuta wakijibu mashtaka.

Ndege nyuki, ambayo wengine huiita droni, ni ndege isiyo na rubani ndani yake. Humtii mtu aliye chini mwenye kishikizo cha kuongozea. Kwa kuwa ni ndogo na huuzwa pamoja na kamera na simu, watu huihesabu miongoni mwa vifaa vya picha. Sheria haiihesabu hivyo. Mbele ya sheria ya Tanzania, chombo hicho ni ndege, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, chini ya kanuni mahususi zilizotungwa mwaka 2018. Kadhalika, kwa sababu za usalama wa nchi, Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa hushirikishwa katika kutoa idhini. Ruhusa hutakiwa tangu hatua ya kukiingiza chombo nchini. Haianzi siku ya kukirusha. Kwa hiyo anayefikiria kibali akiwa tayari amesimama mbele ya ofisa wa forodha amekwisha kuchelewa.

Hapa kuna kosa moja ambalo huwanasa hata watu makini. Baadhi ya ndege nyuki hutengenezwa makusudi zikiwa na uzito wa chini kidogo ya gramu 250, kwa kuwa katika nchi fulani, Marekani ikiwamo, chombo cha uzito huo kinachorushwa kwa burudani hakilazimiki kusajiliwa. Muuzaji wa huko humwambia mnunuzi, kwa nia njema kabisa, kwamba hahitaji karatasi yoyote. Msamaha huo ni wa nchi hiyo, nao hausafiri pamoja na begi. Wala ramani iliyomo katika programu ya simu si kibali. Ramani ile hutayarishwa na mtengenezaji. Ikionyesha anga ni jeupe, maana yake ni kwamba mtengenezaji hakuweka kizuizi mahali hapo. Haimaanishi kwamba Serikali imeruhusu.

Sasa tuzungumzie mbuga zenyewe. Kibali cha TCAA, hata kikiwa kamili, hakifungui lango la hifadhi. Hifadhi za taifa, kama vile Tarangire na Ruaha, zinasimamiwa na TANAPA. Ngorongoro ina mamlaka yake. Na mapori ya akiba yanasimamiwa na TAWA. Ukanda huu wa kati una mapori kadhaa ya aina hiyo: Swagaswaga na Mkungunero kwa upande wa Kondoa na Chemba, Muhesi na Kizigo kwa upande wa Manyoni. Katika maeneo hayo yote msafiri wa kawaida haruhusiwi kurusha ndege nyuki. Ruhusa zinazotolewa ni za kazi maalumu, kama utafiti au upigaji wa filamu uliosajiliwa, nazo huombwa kwa maandishi kwa mamlaka husika mapema, zikiwa na masharti yake. Safari ya kifamilia ya siku tatu haimo katika kundi hilo, na ni heri mtu alielewe jambo hili akiwa nyumbani kuliko kulielewa getini.

Baadhi ya wenye kambi huwaambia wageni, "Hapa tuko nje ya hifadhi, rusheni tu." Maneno hayo yapimwe kwa uangalifu. Kandokando ya Tarangire yako maeneo ya Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, kama Randilen na Burunge, ambamo vijiji vimetenga ardhi yao kwa ajili ya wanyama. Ni kweli kwamba si hifadhi ya taifa. Lakini ni eneo la uhifadhi lenye usimamizi na kanuni zake, na anga lililo juu yake bado ni anga la Tanzania. Mwenye kambi hana mamlaka ya kuligawa.

Msomaji ana haki ya kuuliza sababu ya ukali huu. Jibu liko kwa tembo. Watafiti waliofanya kazi nchini Kenya walionyesha, katika matokeo yaliyochapishwa kuanzia mwaka 2007, kwamba tembo wakisikia mlio wa nyuki waliochokozwa huondoka haraka, ingawa mlio huo unatoka kwenye kipaza sauti tu. Kutokana na maarifa hayo wakulima katika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki huning'iniza mizinga kuzunguka mashamba yao. Sasa fikiria mvumo wa ndege nyuki. Waliobuni jina hili la Kiswahili huenda hawakuwa wakiwafikiria tembo, lakini tembo wangelikubali bila mjadala.

Zaidi ya hapo, tembo wa ukanda huu wana sababu nyingine ya kuuogopa mvumo huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulieleza namna askari wanyamapori walivyotumia ndege nyuki kuwaondoa tembo mashambani katika vijiji vilivyo pembezoni mwa Tarangire na Manyara, na mwa Serengeti. Chombo kilipaa usiku juu ya mahindi, tembo wakarudi walikotoka, na mkulima akaokoa chakula cha watoto wake. Ni matumizi mema, yanayofanywa na watu waliofunzwa na wanaojua wanawasukuma tembo waelekee wapi. Mtalii akirusha chombo kilekile mchana kweupe ili apate picha nzuri, anawapa tembo amri ya kukimbia bila kujua watakimbilia wapi: barabarani, kwenye gari la familia nyingine, au shambani kwa mtu wa Kondoa au Chemba ambaye hana ndege nyuki ya kuwarudishia. Kundi lenye ndama likitawanyika, madhara yake hayaonekani kwenye kioo cha simu.

Tena, mnyama anayetulia si lazima awe ametulia. Mwaka 2015 watafiti wa Minnesota, Marekani, walichapisha matokeo kuhusu dubu weusi waliowekewa vifaa vya kupima mapigo ya moyo. Kila ndege nyuki ilipopita juu yao mapigo yalipanda, ilhali mara nyingi dubu wenyewe hawakusogea hata hatua moja. Msafiri asemaye, "Nilirusha juu ya simba na hakuna aliyeinua kichwa," amesema alichokiona tu.

Ipo pia sababu ya ujangili. Askari wa hifadhi aliye porini, akisikia chombo kisichojulikana juu ya miti, hana njia ya kutambua kama mwenye nacho ni mgeni anayetaka kumbukumbu au ni mtu anayetafuta walipo faru na tembo. Atakichukulia kuwa ni hatari, naye atakuwa sahihi. Hata picha za kawaida, zikiwa zimebeba alama ya mahali zilipopigwa, zinaweza kumwelekeza mwovu. Zima alama hiyo katika kamera na simu kabla ya kuingia mbugani.

Kwa anayeanzia Dodoma, jiji lenyewe linahitaji tahadhari ya pekee. Uwanja wa ndege uko ndani ya jiji. Bunge liko karibu. Mji wa Serikali uko Mtumba na Ikulu iko Chamwino. Ni vigumu kutaja makao mengine nchini yenye mambo mengi kiasi hicho yasiyotaka kupigwa picha kutoka juu. Mtu asijaribu chombo chake kipya uani kwake "kwa dakika mbili tu" kabla ya safari. Hata anayerusha kwa kibali hupaswa kuziheshimu nyua za majirani, kwa kuwa tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Njiani kuelekea kaskazini, wengi husimama Kolo kuziona michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mapango yale si makumbusho matupu. Wenyeji bado huyatumia kwa matambiko na maombi ya mvua na afya. Usirushe chombo hapo. Panda kwa miguu pamoja na mwongozaji, na ukisikia mzee wa eneo hilo akisema, "Mwanangu, hapa hatupigi picha," itikia na uweke kamera mfukoni.

Tukija kwenye fedha, hapa ndipo malalamiko ya watumiaji huzaliwa. Wakala wa safari humwambia mteja kwamba kibali cha ndege nyuki "kimo ndani ya bei" au kwamba "tutakushughulikia hukohuko." Kabla ya kulipa, mteja aombe kuiona nakala ya kibali chenyewe. Kibali halali hutaja jina la mhusika, chombo kinachohusika, mahali na muda wa matumizi. Barua iliyoandikwa kwa jina la kampuni kwa ajili ya kazi ya mwaka jana haimlindi mgeni wa leo. Ada ya Serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na anayelipa huweza kuona fedha zinaingia taasisi gani. Ukiambiwa utume fedha za kibali kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, acha hapohapo. Ahadi ya wakala iandikwe katika mkataba, pamoja na maelezo ya nani atarudisha fedha iwapo kibali kitakosekana, na risiti idaiwe kwa kila malipo. Kumdanganya mteja kuhusu huduma anayouziwa ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya namna hiyo. Lakini lalamiko lisilo na karatasi ni gumu kulisimamia.

Kwa yule ambaye bado anasafiri na chombo chake kihalali, liko suala la betri. Mashirika ya ndege hayaruhusu betri za akiba za lithiamu ziwekwe katika mizigo inayoingia tumboni mwa ndege. Hubebwa mkononi, kila moja ikiwa imefunikwa ncha zake kwa utepe au ndani ya mfuko wake. Kipimo kinachotazamwa ni wati-saa. Zidisha volti kwa miliampea-saa, kisha gawanya kwa 1,000: betri ya volti 15.4 na miliampea-saa 5,000 ina wati-saa 77. Chini ya 100 kwa kawaida hukubaliwa. Kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika, na zisizidi mbili za akiba. Zaidi ya 160 hazisafiri na abiria. Shirika laweza kuweka masharti makali zaidi, hivyo uliza mapema. Na katika jua la mchana la Dodoma, betri zisiachwe ndani ya gari lililofungwa vioo.

Kama ulifika bila kibali, ungama chombo chako kwa forodha. Kikizuiliwa, dai hati inayotaja aina yake, namba yake na mahali kinapohifadhiwa. Kisha tazama tiketi yako ya kurudi. Wapo wanaoingia kwa uwanja wa Dar es Salaam na kutoka kwa barabara kupitia Namanga, na chombo hubaki kilomita mamia nyuma yao. Afadhali uulize siku hiyohiyo utaratibu wa kukichukua, au ubadili njia ya kutokea. Kenya nayo ina kanuni zake za ndege nyuki, na kukivusha chombo mpaka bila idhini ya huko ni kuhamisha tatizo tu.

Kwa wengi, uamuzi ulio rahisi ni kukiacha chombo nyumbani. Picha za kutoka juu bado zinapatikana kwa njia halali: safari za puto zipo Serengeti na Tarangire, nazo huendeshwa na marubani wenye leseni. Ni ghali, hilo hatulifichi. Kwa gharama ndogo zaidi, lenzi ndefu ya kukodi na darubini moja ya kupokezana ndani ya gari hutosha. Katika miezi ya kiangazi, Julai hadi Oktoba, wanyama wa Tarangire hukusanyika kando ya mto, nao huonekana vyema kutoka barabarani, injini ikiwa imezimwa.