Kusafiri Ndani ya Peru: Ijue Njia Kabla ya Kukata Tiketi

Peru imegawanyika sehemu tatu: pwani yenye jangwa, Milima ya Andes katikati na msitu wa Amazon mashariki. Mgawanyiko huo ndio unaoamua kama utapanda ndege, basi, treni au boti. Kutoka Lima hadi Cusco ndege hutumia kama saa moja na dakika ishirini, ilhali basi hutumia zaidi ya saa 20 kwa sababu barabara inazunguka milimani. Kwa hiyo mgeni na aulize kwanza njia inapita wapi, ndipo aulize nauli.

Ndani ya Lima

Uwanja wa ndege wa Jorge Chávez uko Callao, mji uliopakana na Lima. Teksi za mitaani hazina mita, kwa hiyo patana bei kabla ya kupanda. Ukifika usiku, tumia kaunta za teksi zilizo ndani ya uwanja au uite gari kwa programu ya simu. Usimfuate dereva anayekudaka mlangoni.

Kwa safari za mjini kuna Metropolitano, mabasi yenye njia yake maalumu yaliyoanza mwaka 2010. Yanaunganisha wilaya za Barranco na Miraflores na katikati ya jiji, na nauli hulipwa kwa kadi inayojazwa fedha kituoni. Vibasi viitwavyo combi vina konda anayenadi majina ya barabara, kama daladala na matatu. Ni vya bei nafuu, lakini linda simu na pochi yako. Katika miji midogo, safari fupi ni za mototaxi, yaani bajaji.

Mabasi ya masafa marefu

Viti ni vya madaraja mawili makuu: semi cama, kinacholala kiasi, na cama, kinacholala karibu kama kitanda. Lima haina stendi kuu moja. Kampuni nyingi kubwa zina vituo vyao, hivyo soma vizuri anwani iliyo kwenye tiketi. Beba pasipoti. Mzigo mkubwa hupokelewa kaunta nawe hupewa kipande cha stakabadhi: kitunze, maana ndicho utakachodaiwa ukifika. Fedha na hati zikae nawe kitini.

Safari ya Lima hadi Ica, kama kilomita 300 kwenye Barabara Kuu ya Panamericana, huchukua saa nne hadi tano. Barabara za milimani ni ngumu zaidi, hasa Desemba hadi Machi, mvua zinapoleta maporomoko ya tope na mawe yanayofunga njia.

Kupanda Andes

Cusco iko mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Anayeruka moja kwa moja kutoka Lima anaweza kupatwa na soroche, ugonjwa wa mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu na pumzi kukatika. Siku ya kwanza pumzika, kunywa maji na uache pombe. Wengine hushuka mara moja hadi Ollantaytambo, mita 2,800 hivi, wakalala huko kwanza. Mwenye muda anaweza kupitia Arequipa, mita 2,300 hivi, ili mwili uzoee kidogo kidogo.

Kufika Machu Picchu

Hakuna barabara ya gari inayofika Aguas Calientes, mji ulio chini ya magofu ya Machu Picchu. Wageni wengi hupanda treni ya PeruRail au Inca Rail kutoka Ollantaytambo, safari isiyozidi saa mbili. Treni ya bei nafuu ya wenyeji hairuhusu watalii. Kutoka mjini, basi dogo hupanda kona kali hadi magofuni kwa takriban nusu saa.

Njia ya gharama ndogo ni gari kutoka Cusco hadi kituo cha reli cha Hidroeléctrica, saa sita au saba, kisha kutembea kama kilomita 10 kandokando ya reli hadi Aguas Calientes. Wakati wa mvua iepuke. Kata kwanza tiketi ya kuingilia magofuni, kwa kuwa ina siku na saa yake. Tiketi ya treni ifuate.

Msituni

Mji wa Iquitos haujaunganishwa kwa barabara na sehemu nyingine za nchi. Hufikiwa kwa ndege, au kwa boti za mizigo na abiria kutoka Yurimaguas na Pucallpa, safari ya siku kadhaa. Abiria hulala kwenye bembea za nguo wanazonunua wenyewe kabla ya kupanda, na boti nyingine haiondoki mpaka ijae mizigo.

Popote utakapokwenda, usipange basi la milimani au boti ya msituni siku moja kabla ya ndege ya kurudi nyumbani. Weka walau siku mbili za akiba Lima. Gharama ya kulala huko ni ndogo kuliko ya tiketi mpya ya ndege.