Ndege Wanaofuata Mvua
Kijitabu cha elimu kwa wakazi wa Bukoba na Muleba

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mkulima, mvuvi, mwalimu na mwanafunzi. Kinajibu maswali mawili. Ndege wanajuaje kwamba wakati wa kujenga kiota au kusafiri umefika? Na wanapatwa na nini pale mvua, ziwa na rweya (nyanda zetu za nyasi) vinapobadilika? Huhitaji kuwa mtaalamu ili ukielewe. Aliyewahi kuitazama anga ya Novemba akingoja senene ameshayajua mengi yaliyomo humu.

Saa iliyo ndani ya ndege

Mbayuwayu anayezaliwa Ulaya hutufikia kuanzia Septemba, akakaa nasi hadi Machi au Aprili, kisha akarudi kwao. Huko kwao kalenda ni urefu wa mchana: majira ya joto mchana ni mrefu mno, majira ya baridi ni mfupi mno, na mwili wa ndege unaupima urefu huo. Bukoba hakuna kipimo cha aina hiyo. Mji huu uko takribani nyuzi 1 na dakika 20 kusini mwa Ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka ni kama dakika 9 tu.

Hata hivyo liko jambo ambalo wengi hatulitambui ingawa tunaamka nalo kila siku. Mwanzoni mwa Novemba jua la Bukoba huchomoza mapema kuliko katikati ya Februari, na tofauti yake ni karibu nusu saa. Mwaka 2012 Wolfgang Goymann na wenzake walichapisha utafiti kuhusu ndege mdogo wa nyanda za juu za Afrika, ambaye dume lake lina kichwa cheusi na kifua chenye rangi ya kutu. Walionyesha kwamba anaweza kuirekebisha saa yake ya mwaka kwa kufuata mabadiliko hayo ya kuchwa na kuchomoza kwa jua. Kabla yao, Eberhard Gwinner wa Ujerumani alikuwa amewafuga ndege wa jamii hiyo waliotoka Kenya mahali ambapo mchana na usiku havikubadilika kabisa. Kwa miaka mingi ndege hao waliendelea kubadili manyoya na kuwa tayari kuzaa kwa vipindi, bila kuambiwa na jua wala mvua.

Kwa hiyo ndege wa Ikweta ana saa yake mwilini. Saa hiyo humwambia ajiandae. Lakini ruhusa ya kutaga, kwa ndege wetu wengi, hutolewa na mvua.

Mvua na chakula cha kinda

Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani katika milima ya Usambara tangu mwaka 1928, alitumia miaka mingi kuchunguza suala hili, na mwaka 1950 akachapisha kazi kubwa kuhusu majira ya kuzaliana ya ndege wa Afrika. Mwaka 1980 Leslie Brown na P. L. Britton walikusanya kumbukumbu za viota vya Afrika Mashariki nzima katika kitabu kimoja. Kinachoonekana humo ni kwamba kila kundi la ndege lina majira yake. Ndege wengi wanaokula wadudu huzaa mvua zinapoanza. Tai na mwewe wengi hupendelea kiangazi, majani yanapokuwa mafupi na panya hawana pa kujificha. Ndege wengi wa majini hungoja maji yajae mabondeni.

Chukua mfano wa mnana, yule wa njano anayechana majani ya migomba kwenye kibanja chako. Watu humlaumu kwa uharibifu, na ni kweli anaudhi. Lakini angalia anachongoja. Kusuka kiota anahitaji nyuzi ndefu mbichi, ambazo zikikauka hazisukiki. Na ingawa yeye mwenyewe ni mla mbegu, makinda yake huyalisha wadudu. Vitu hivyo viwili hupatikana pamoja mvua inaponyesha vizuri. Mvua ikianza kwa kishindo kisha ikakatika wiki tatu, kiota kitakuwa kimesukwa na mayai yametagwa, lakini viwavi wa kulisha makinda hawapo. Mnana hafi kwa hilo. Hupoteza uzao mmoja, akajaribu tena. Ndege mwenye uzao mmoja kwa mwaka hana nafasi hiyo.

Bukoba Mjini hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, masika ikiwa Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba. Ukielekea magharibi, upande wa Karagwe, mvua hupungua sana. Ndiyo maana kalenda ya ndege wa ukanda wa ziwa haifai kunakiliwa kwa wilaya jirani.

Senene wenyewe ni sehemu ya kalenda hiyo. Hutoka kwa wingi wakati wa vuli, na mara ya pili wakati wa masika. Buganda mwezi wa Novemba huitwa kwa jina lao. Katika miezi hiyo hupita pia korongo wa Abdim, mweusi mwenye tumbo jeupe, ambaye huzaa ukanda wa Saheli mvua za huko zinaponyesha, kisha huja kusini akifuata mvua na panzi. Mbayuwayu nao, kabla ya kuanza safari ya kaskazini mwezi Machi, lazima wanenepe. Hapa kwetu hula nzi wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi na ambao baadhi yao hutoka kwa kufuata mwezi mwandamo.

Wasafiri wa kusini

Tumezoea kudhani kila ndege mgeni ametoka Ulaya. Mbayuwayu buluu hatoki huko. Huzaa wakati wa mvua katika nyasi za milimani za kusini mwa Afrika, zikiwemo za Njombe na Kitulo hapa nchini, mara nyingi ndani ya shimo la muhanga. Ifikapo Aprili huondoka kuja nyanda za nyasi za kuzunguka Ziwa Viktoria, na hukaa hadi Septemba. Nyasi za Sango Bay nchini Uganda, zinazopakana na msitu wetu wa Minziro wilayani Missenyi, ni miongoni mwa makazi yake. Duniani ametajwa kuwa katika hatari ya kutoweka.

Ndege huyu anahitaji sehemu mbili zilizo mbali sana ziwe salama kwa majira tofauti. Anahitaji rweya, na rweya ndiyo inayopungua. Kwa miaka mingi tumeitazama kama ardhi tupu ya kukata majani, kulisha ng'ombe na sasa kupanda mikaratusi na mipaini. Kupanda miti si kosa, na kuni zinahitajika. Lakini mahali palipokuwa nyasi tangu zamani, msitu wa kupandwa si uhifadhi kwa ndege wa nyasi. Kwake ni nyumba iliyobomolewa.

Ziwa na mabonde

Mvua kubwa za mwishoni mwa 2019 zilifuatiwa na kupanda kwa Ziwa Viktoria, na Mei 2020 maji yalivuka kidogo kiwango cha juu cha mwaka 1964. Wakazi wa mwambao na wa visiwa kama Bumbire na Goziba wanajua hasara ya kina cha maji kupanda. Ndege anayejenga kiota sentimita chache juu ya maji, katikati ya mafunjo au matete, huipata hasara hiyo mapema zaidi.

Korongo taji ni mfano wa kuangaliwa kwa makini. Ametajwa duniani kuwa hatarini tangu 2012. Hujenga kiota bondeni, kwenye majani yaliyozungukwa na maji, na hutaga mayai mawili au matatu, mara chache manne. Huyaatamia karibu mwezi mzima, kisha makinda hutembea kwa miguu kwa miezi miwili au mitatu kabla ya kuruka. Jumlisha: ni miezi mitatu hadi minne ambayo bonde halitakiwi kufurika wala kukauka. Likifurika, mayai yanaelea. Likikauka, mbwa, ng'ombe na watu hufika kwa miguu. Mabonde kama ya Mto Ngono yanalimwa zaidi kiangazi kinaporefuka, yaani wakati uleule makinda hawana pa kukimbilia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kwa ndege wa mafunjo, mita hizo 60 ndizo zinazobaki.

Ndege wanapochelewa

Mfano uliochunguzwa sana uko Uholanzi. Ndege mdogo mwenye weusi na weupe, mla wadudu, hukaa Afrika Magharibi majira ya baridi na kurudi Uholanzi kuzaa. Mwaka 2001 Christiaan Both na Marcel Visser walieleza kwamba Ulaya imepata joto mapema na viwavi hutoka mapema, lakini ndege huyu hajaweza kuwahi kiasi hicho, kwa kuwa akiwa Afrika hana namna ya kujua hali ya hewa ya kwao. Mwaka 2006 walionyesha kwamba katika misitu ambako viwavi huwahi zaidi, idadi yake ilishuka kwa karibu asilimia 90 ndani ya miongo miwili.

Mbayuwayu aliyetua kwenye waya wa umeme Muleba mwezi Februari yuko katika hali hiyohiyo. Masika ikichelewa hapa, huondoka akiwa amekonda au huchelewa kuondoka, na hasara inaonekana Ulaya.

Tunachoomba

Andika. Shule, kikundi cha wavuvi au familia inaweza kuwa na daftari moja la tarehe: siku mvua ya vuli ilipoanza, siku senene walipoonekana, siku mbayuwayu walipofika na walipotoweka, siku mnana walipoanza kusuka. Andika na mahali. Mwaka mmoja hautoshi kusema lolote. Miaka kumi inasema mengi, na kumbukumbu za ndege zinapokelewa na Atlasi ya Ndege wa Tanzania.

Wanaotega senene kwa taa kali wazime taa usiku ambao senene hawaruki. Ndege wengi husafiri usiku na mwanga mkali huwapoteza njia. Wanaochoma rweya wakubaliane kijijini kuchoma vipande kwa zamu, si mlima mzima kwa siku moja, na wasichome penye viota. Wanaolima mabonde waache ukanda wa mafunjo, na wakimkuta korongo taji ameatamia wamwachie nafasi hadi makinda watoke.

Ukikuta ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, usimshike kwa mkono mtupu. Nakili namba na maandishi yote ya pete, andika tarehe na kijiji, kisha peleka kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Namba na maandishi hayo huwezesha kujua ndege alivishwa pete wapi na mwaka gani.