Kuchagua Kadi ya Kumbukumbu ya Kamera

Siku ya mahafali ya Kidato cha Nne mwaka jana nilikabidhiwa kamera ya shule ili nipige picha za sherehe. Nilipiga picha 1,140. Jioni nilipozitia katika kompyuta, picha 780 hivi za kwanza zilifunguka vizuri, lakini zilizofuata zilikuwa kijivu kitupu, na nyingine hazikufunguka kabisa. Katika hizo zilizopotea ndimo zilimokuwa picha za wanafunzi wakipokea vyeti na kusimama pamoja na jamaa zao. Mwanafunzi mmoja alikuwa amejiwa na bibi yake, mzee aliyesafiri kutwa nzima kwa basi. Miezi miwili baadaye bibi yule alifariki dunia, na mjukuu wake akaja kuniomba picha ile. Sikuwa nayo.

Tangu siku hiyo nimejifunza habari za kadi hizi, jambo ambalo lilinipasa nilifanye kabla. Mhariri ameniomba niwaelezeni niliyoyapata, ninyi wanafunzi, na wazazi pia, maana najua wengi mwanunua kadi hizi kwa ajili ya simu.

Katika kamera za zamani picha ilikaa juu ya filamu, na filamu moja ilitosha picha 24 au 36. Kamera ya kidijiti huigeuza picha kuwa tarakimu na kuziandika katika kadi. Ndani ya kadi mna vijumba vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, ambavyo hufungia chembe za umeme ziitwazo elektroni. Chembe hizo hubaki humo hata kadi ikitolewa katika kamera. Aliyebuni kumbukumbu ya namna hii ni Fujio Masuoka, mhandisi wa kampuni ya Toshiba huko Japani, katika miaka ya 1980. Kadi ya SD, ambayo ndiyo itumiwayo na kamera nyingi, ilitangazwa mwaka 1999. Upana wake ni milimita 24 na urefu milimita 32. Ile ndogo ya simu ni microSD, nayo yaweza kutiwa katika adapta ikatumika katika kamera.

Kwanza tazama herufi zilizoandikwa juu ya kadi. SD tupu haizidi gigabaiti 2. SDHC, iliyotokea mwaka 2006, yafika gigabaiti 32. SDXC ya mwaka 2009 yaweza kufika terabaiti 2. Kamera mpya husoma kadi ya zamani, lakini kamera ya zamani haisomi kadi mpya. Kwa hiyo soma kitabu cha kamera kabla hujatoa fedha.

Sasa tupige hesabu. Picha moja ya kamera yetu huchukua megabaiti 10 hivi. Basi kadi ya gigabaiti 32, yaani megabaiti 32,000, yatosha picha 3,200, nazo ni nyingi kwa sherehe yoyote. Ukiitia katika kompyuta huenda ukaona imeandikwa 29.8 badala ya 32. Usishtuke, hujaibiwa. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, lakini kompyuta nyingi huihesabu kuwa 1,073,741,824. Gawanya mwenyewe utaona.

Mambo ya mwendo ndiyo yanayowachanganya watu. Ile namba kubwa iliyochapwa mbele, mathalani 100 MB/s, kwa kawaida ni mwendo wa kusoma, na mpiga picha ahitaji zaidi mwendo wa kuandika. Tafuta alama ndogo: namba 10 ndani ya herufi C, au V10, maana yake kadi haitaandika chini ya megabaiti 10 kwa sekunde, V30 ni megabaiti 30, na V60 ni 60. Kwa picha za kawaida, ile ya 10 yatosha. Video ni jambo jingine. Video ya 4K katika kamera nyingi huandikwa kwa megabiti 100 kwa sekunde. Angalia, ni biti, si baiti! Baiti moja ina biti 8, kwa hiyo ni megabaiti 12.5 kwa sekunde. Kadi ya V10 haiaminiki hapo, chukua V30. Na kwa saa nzima video hiyo itakula 12.5 mara sekunde 3,600, yaani gigabaiti 45. Kadi zenye safu mbili za meno ya shaba nyuma huenda mbio zaidi, tena ni ghali, lakini zikitiwa katika kamera isiyo na safu ya pili hazina faida.

Lakini kadi yangu haikuharibiwa na mwendo. Iliandikwa 128, na kompyuta nayo ilisema 128, kumbe ndani mlikuwa na gigabaiti 8 tu. Ni kama daftari la kurasa 20 lililoandikwa juu ya jalada kwamba lina kurasa 320. Kadi yenyewe imefundishwa kusema uongo, na kamera huandika bila kujua kuwa kurasa zimekwisha. Nilikuwa nikitazama kila picha katika kioo cha kamera mara baada ya kuipiga, nayo ilionekana, kwa kuwa kamera huionyesha kutoka katika kumbukumbu yake yenyewe kwanza.

Dawa ni kuipima kadi siku ileile unapoinunua. Ziko programu za bure, F3 na H2testw, ambazo huijaza kadi yote kisha huisoma tena. Asiye nazo aijaze video hadi pomoni, kisha afungue za mwisho na za kwanza pia, maana kadi nyingine za uongo huandika juu ya yale ya mwanzo. Bei ikiwa chini mno kuliko madukani kwingine, shuku. Tena kwa sherehe mimi napenda kadi mbili za 32 kuliko moja ya 64.

Mkifuta picha kwa bahati mbaya, msipige nyingine katika kadi hiyo. Picha iliyofutwa mara nyingi ingali humo, na programu iitwayo PhotoRec yaweza kuitoa. Niliijaribu kwa kadi yangu usiku kucha. Haikupata kitu, kwa kuwa picha zile hazikupata kuandikwa mahali popote.

Kadi ile imo katika sanduku la maabara ya fizikia. Mwenye kutaka kuiona aniombe. Na mwenye kadi yake mpya ailete Jumamosi baada ya usafi tuipime pamoja.