Kamani na Uzito

Kisiwani Mafia mnazi ni mali ya watu tangu zamani. Nazi hupasuliwa, hukaushwa ikawa mbata, kisha huuzwa kwa uzito. Pweza naye, atokapo majini, hutiwa mizanini, ndipo bei yake ijulikane. Mizani nyingi za kutundika zina kamani ndani, ambayo wengine huiita springi, yaani waya wa chuma cha pua uliozungushwa mara nyingi. Je, kamani yajuaje uzito? Na tufanye jaribio.

Piga msumari katika boriti, utundike kamani nyembamba. Simamisha rula kando yake. Pima urefu wa kamani ingali tupu. Tuseme ni sentimita 10. Tundika gramu 100, ungoje mpaka itulie, ndipo usome. Jicho lako liwe sawasawa na mwisho wa kamani. Ukitazama kutoka juu au chini utakosea. Andika, kisha ongeza gramu 100 nyingine, na kuendelea hivyo. Huenda ukapata hesabu kama hizi:

Gramu 0: sentimita 10
Gramu 100: sentimita 12
Gramu 200: sentimita 14
Gramu 300: sentimita 16
Gramu 400: sentimita 18
Gramu 500: sentimita 21

Mwaona kwamba mpaka gramu 400, kila gramu 100 huirefusha kamani sentimita 2. Uzito ukiwa mara mbili, nyongeza huwa mara mbili. Ukiwa mara tatu, huwa mara tatu. Lakini angalieni: tunalolinganisha si urefu wote wa kamani, bali ule ulioongezeka tu.

Kanuni hii iligunduliwa na Robert Hooke, Mwingereza aliyezaliwa kisiwani kama watoto wa Mafia, katika kisiwa cha Wight, mwaka 1635. Mwaka 1676 aliitoa kwa herufi zilizovurugwa, mtu asiweze kuisoma. Mwaka 1678 akaifunua maana yake. Kwa kanuni hiyo fundi aweza kuchora alama za mizani kwa nafasi zilizo sawa.

Sasa tazameni gramu 500. Tulitazamia sentimita 20, tukapata 21. Tena tukiondoa uzito wote, kamani hairudi kwenye 10, bali husimama kwenye 10 na nusu. Imepitishwa mpaka wake, wala haitarudi tena kama ilivyokuwa.

Basi mizani iliyotundikwa mzigo kupita nguvu zake huharibika bila kupiga kelele. Ikiwa mshale wake wasimama kwenye nusu kilo hali mizani ni tupu, mnunuzi atalipia nusu kilo isiyokuwapo. Ikiwa wasimama nyuma ya sifuri, mvuvi ndiye apunjwaye. Kitabu cha Mithali chakataza mizani ya hila. Lakini hata mtu mwaminifu aweza kumpunja mwenziwe, asipoichunguza mizani yake.

Kuichunguza si kazi ngumu. Kwanza, tazama mshale kabla ya kutundika kitu. Pili, pima ndoo tupu, uandike uzito wake. Kisha tia lita 5 za maji safi ya kisima, upime tena. Uzito uzidi kwa kilo 5, kwa kuwa lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo moja. Usitumie maji ya bahari, maana chumvi huyazidishia uzito: lita moja yakaribia gramu 1,025. Mizani isipokubaliana na maji, aliyekosa ni mizani.

Maswali

1. Kwa kamani yetu, gramu 250 zitaifikisha sentimita ngapi?
2. Kamani ile ile imefika sentimita 17. Imetundikwa gramu ngapi?
3. Kwa nini mtu asitundike gunia zima la mbata kwenye mizani ndogo ya samaki?